Tone la Petroli na Bei ya Kutafuta

Gari la zamani likianza kunuka petroli, mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo: mpira uliokauka, washa ya shaba iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi kupita umri wake, au oringi inayoenea kwenye ncha ya kidole. Kinachomfilisi mwenye gari ni namna kitu hicho kinavyotafutwa. Mazungumzo ya gereji za Dar es Salaam tunayajua. Fundi anafungua boneti, anainama, ananusa, anainuka. "Bosi, hiyo pampu." Pampu inabadilishwa, harufu inabaki. "Basi hizo nozeli." Nozeli za mtumba zinafuatwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, harufu inabaki, tena sasa zinavuja mbili mahali ambapo labda haikuwa inavuja hata moja. Mwezi unaisha gari limebadilishiwa nusu ya mfumo wa mafuta, na mpira wa sentimita 20 uliokuwa ukidondosha tangu siku ya kwanza bado upo palepale, umefutwa vizuri kwa kitambaa.

Fundi huyo si lazima awe tapeli. Anafanya kazi anayolipwa. Gereji zetu zina bei ya kufungua, bei ya kufunga na bei ya spea, hazina bei ya kutafuta. Fundi akitumia asubuhi nzima akagundua kuwa tatizo ni klipu iliyolegea, akaikaza, mteja atamwuliza kwa mshangao: unanidai nini, si umekaza klipu tu? Kwa malipo ya namna hiyo, kukisia kuna faida kuliko kupima, na mteja ndiye aliyeipanga biashara hiyo kwa ubahili wake mwenyewe.

Tuchukue gari ambalo karibu kila mtu amelipanda, kama si lake basi la shemeji: Toyota Corolla 110, toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, lenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Kwao, gari jipya la kawaida hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima likifikisha miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Gharama za ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya Wajapani waachane na magari ambayo bado yanakwenda. Linapofika kwetu linaanza maisha ya pili, ambamo stika hukaguliwa kwa bidii kuliko mipira. Na mpira una umri wake hata kama gari halijatembea. Joto la chumba cha injini huukausha, hewa ya ozoni huupasua pale ulipopinda, na ukibonyezwa kwa kidole hurudi polepole au haurudi kabisa. Gari lililokulia Hokkaido huja na jambo la ziada: huko barabara hutiwa chumvi kuyeyusha barafu, chumvi hiyo hula mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu, kisha gari linaletwa Dar, Tanga au Mombasa, ambako upepo wa bahari unamalizia kazi iliyoanzwa.

Petroli yenyewe haina subira. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa ya Dar inayoweza kuituliza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupai kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni na kukaa ndani ya shimo la gereji, pale fundi anapoingia na taa yake ya waya. Hewa ikishakuwa na mvuke wa petroli wa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi, cheche moja inatosha. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, petroli iliyomwagika ikalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Miaka kumi nyuma yake, Januari 2009, Kenya ilikuwa na msiba kama huo huko Sachangwan. Hakuna mtu mzima wa nchi hizi anayehitaji kufundishwa petroli ni nini, lakini tone linalotoka chini ya gari lake mwenyewe hulihesabu kuwa jambo la mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka.

Kwa wanaopenda kuliangalia kwa upande wa pesa, hesabu ni rahisi. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde pampu ikiwa inafanya kazi, kwa mtu anayekaa barabarani saa 2 kwa siku, humwaga mililita 360, yaani karibu lita 11 kwa mwezi. EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sehemu ya hesabu iliyobaki msomaji atajaza mwenyewe.

Ugumu ni kwamba ardhi si shahidi wa kuaminika. Kwenye saruji yenye jua, tone la petroli hukauka kabla hujarudi na tochi. Kinachobaki chini ya gari mara nyingi ni maji ya kiyoyozi, na nimeona watu wakihangaikia dimbwi la maji safi huku petroli inavuja upande wa pili bila kuacha alama. Isitoshe, tone halidondoki pale linapozaliwa. Hufuata bomba, hupita juu ya kasha la gia, husukumwa na upepo wa feni, likaangukia pahala pengine kabisa. Kwa hiyo mtu huangalia juu kwanza. Petroli ikipita kwenye chuma chenye vumbi na grisi huacha mfereji uliosafishika, na ikikauka mara kwa mara mahali pamoja huacha doa la rangi ya kahawia. Pasipoonekana kitu, osha eneo kwa maji na sabuni, liache likauke, kisha pulizia poda nyeupe ya watoto: unyevu ukipita, utachora njia yake. Kuosha injini kwa petroli ili kutafuta petroli inakotoka ni desturi ya gereji nyingi, nami sijawahi kupata maelezo yake.

Kabla ya kushika spana, kuna swali ambalo halina gharama na ambalo fundi mzuri huanza nalo: inanuka saa ngapi? Harufu inayokuja asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikapotea baada ya dakika kadhaa, inaelekeza kwenye oringi za nozeli. Zimekuwa ngumu, na injini ikipata joto zinalainika na kutanuka, zikaziba pengo. Harufu inayoingia ndani ukiwasha feni ya kiyoyozi kwenye foleni inatoka chumba cha injini, kwa sababu hewa ya ndani huvutwa kutoka chini ya kioo cha mbele. Harufu ya nyuma, inayokuja baada ya kujaza mafuta tu, ni ya sehemu ya juu ya tangi, nitairudia. Na kwa wenye magari ya kabureta, Peugeot 504 na wenzake, kuna uvujaji usiodondosha kitu: kiwambo cha pampu ya mafuta ya kimakanika kikichanika, petroli huweza kuingia kwenye oili ya injini. Mwenye gari anapima oili, anakuta imeongezeka, anafurahi.

Corolla ya miaka hiyo ina zawadi ndogo kutoka kwa walioitengeneza, na ni ajabu jinsi inavyotumika mara chache. Ndani ya chumba cha injini kuna kisanduku cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua utaona matundu yenye alama, mojawapo +B na jingine FP. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa ufunguo hadi ON bila kupiga stati. Pampu itaanza kunguruma nyuma, na mfumo mzima utajaa shinikizo huku injini imelala: hakuna feni ya kupeperusha matone, hakuna joto la bomba la moshi, hakuna cheche za plagi. Kisha bana mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo lililofungwa kitambaa, taratibu, bila kuupinda maana mpira wa zamani ukipindwa hupasuka. Shinikizo, ambalo kwa kawaida ni kama ba 3, litapanda hadi karibu kilopaskali 392, yaani takriban ba 4. Hiyo ndiyo njia iliyomo kwenye vitabu vya matengenezo vya Toyota wenyewe. Kinachovuja kidogo kitavuja waziwazi. Zungukia kila maungio na tochi ya simu, anzia kwenye chujio la mafuta, fuata reli ya nozeli, malizia chini ya gari na kwenye tangi. Haichukui nusu saa. Taa ya balbu yenye waya mrefu iache mbali, na ukimaliza zima ufunguo kwanza ndipo uchomoe waya.

Jaribio hilo likipita bila tone na bado gari linakula mafuta na kutoa moshi mweusi, angalia kidude kidogo cha duara mwisho wa reli ya nozeli, regyuleta ya shinikizo. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, na juu yake kuna kipaipu chembamba kinachoenda kwenye manifoldi ya hewa. Kiwambo kikitoboka, petroli hupita kwenye kipaipu hicho na kunywewa na injini bila kipimo. Chomoa kipaipu, kikiwa na petroli ndani, umeshapata. Hapa ndipo watu wengi huuziwa plagi, kisha kihisio cha oksijeni, kisha "kompyuta" ya gari, wakati kipimo chenyewe kilihitaji vidole viwili na pua.

Sasa kutengeneza. Kwanza ondoa shinikizo: chomoa plagi ya umeme ya pampu chini ya kiti cha nyuma, washa injini iende mpaka izime yenyewe, kisha toa waya wa nguzo hasi ya betri. Anayeruka hatua hii huoga petroli yenye nguvu ya ba 3, na macho hayauzwi Gerezani.

Kwenye mpira ndipo ubahili wetu ulipoweka makao. Mafundi wengi wakubwa walijifunza kazi kwenye kabureta, ambamo pampu husukuma kwa robo ya ba hivi. Kwa shinikizo hilo karibu mpira wowote wa mafuta unastahimili, na klipu ya waya uliosokotwa kwa koleo inaweza kukaa miaka. Ujuzi huo ukahamishwa mzimamzima kwenye nozeli, ambako shinikizo ni zaidi ya mara kumi. Mpira unaouzwa kwa mita madukani huwa na maandishi ubavuni, na inafaa kuyasoma kabla ya kukata: SAE 30R7 ni wa kabureta na wa kurudishia, SAE 30R9 ndio wa upande wa shinikizo, na ndani una utando unaozuia hata mvuke usipenye. Usio na maandishi yoyote ni wa bustani, muuza duka aseme atakavyo. R9 ni ghali kwa mita, ila gari halihitaji mita, linahitaji kipande. Klipu nazo chagua zile zenye kingo zilizokunjwa, zinazobana mduara mzima. Za kawaida zenye meno hukata mpira polepole, na uvujaji unaotokea mwaka unaofuata huhesabiwa kuwa wa mpira.

Orodha ya vitu ambavyo havizuii petroli ni ndefu, na vyote nimeviona vimefungwa kwenye magari yanayotembea. Tyubu ya baiskeli: petroli huivimbisha na kuilainisha. Silikoni ya gasketi: hivyohivyo. Tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nati za mabomba ya mafuta haina kazi, kwa sababu maungio hayo hayazibwi na nyuzi za nati, yanazibwa na mdomo wa bomba uliotanuliwa kukaa kwenye kiti chake. Mdomo ukipasuka, tepu inapamba tu. Na mabomba ya shaba ya friji, yanayopendwa kwa sababu yanapindika kirahisi, huwa magumu kwa mtikisiko mpaka yakapata ufa.

Mahali pa kubana matumizi pasipo hatari papo. Boliti yenye tundu inayofunga chujio la mafuta hukaa kati ya washa mbili laini, na washa hizo hutakiwa kuwa mpya kila inapofunguliwa. Za shaba zikikosekana, fundi anaweza kuzipasha moto, mbali na gari, hadi ziwe nyekundu kisha akazitumbukiza kwenye maji: shaba hulainika tena na kuziba kama mpya. Za aluminiamu usizijaribu, zitayeyuka kabla hujajua ziko wapi. Oringi za nozeli zinauzwa peke yake, si lazima kununua nozeli nzima, ilimradi ziwe za petroli na si za maji. Zipake petroli au oili nyepesi kabla ya kusukuma, kisha jaribu kuizungusha nozeli kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, oringi imekaa; ikigoma, imejikunja na itavuja, basi itoe uanze upya. Katika matengenezo yote ya mafuta sijui kipimo kingine cha bure kinachosema kweli namna hii.

Tangi lililotoboka lina tiba mbili za njiani zenye sifa nzuri kuliko zinavyoonekana. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, ikikandamizwa kwenye tundu dogo huziba, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Itakufikisha Chalinze, haitakufikisha mwakani. Gundi ya chuma ya kuchanganya inakaa zaidi, kama tangi limekaushwa na kutu ikapigwa msasa hadi chuma cheupe. Tiba ya tatu, kulipeleka kwa mchomeleaji, ndiyo inayoua. Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, maana lililojaa lina petroli na lililomwagwa lina mvuke. Anayejua kazi hulisuuza kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha hulijaza maji hadi karibu na pale atakapochomelea, ili pasibaki nafasi ya mvuke. Mchomeleaji anayekwambia "liache tu hapo bosi, nitalipuliza na kompresa" amekupa sababu ya kutafuta mwingine. Ilala na Gerezani kuna matangi yaliyotolewa kwenye magari yaliyokatwa, na ukichungulia mishono yake kwa tochi kabla ya kulipa, kwa kawaida hiyo ndiyo njia nafuu na salama zaidi.

Narudi kwenye bei ya kutafuta. Jaribio la kisanduku, poda, kipaipu cha regyuleta na maswali machache kuhusu saa ya harufu ni kazi ya saa moja au mbili. Mteja anaweza kumwambia fundi tangu asubuhi: nakulipa kunionyesha linakovuja, nilione kwa macho yangu, kufunga tutapatana baadaye. Mafundi niliowahi kusikia wakiambiwa hivyo hukaa kimya kwanza, maana hawajazoea, kisha huinama tena chini ya gari kwa namna tofauti. Fedha hiyo ni ndogo kuliko pampu moja ya mtumba. Inamwondolea fundi haja ya kuuza spea ili ale, na inamwondolea mteja haja ya kumshuku. Fundi akishindwa kuonyesha tone, hajapata haki ya kufungua kitu.

Lipo jaribio moja linalosahaulika hata baada ya kazi nzuri, nalo linahusu ile sehemu ya juu ya tangi. Gari huingia gereji na robo tangi na kutoka na robo tangi, kwa sababu wengi wetu tunaweka mafuta ya elfu kumi kumi. Gasketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, mpira mnene wa shingo ya kujazia na vipaipu vya kupumulia viko juu ya usawa huo. Vinaweza kuwa vimepasuka mwaka mzima visilowe hata siku moja. Vitalowa Desemba, mwenye gari atakapojaza tangi hadi mdomoni kwa safari ya Moshi, watoto wakiwa wamekaa juu ya hicho kiti. Tangi lijazwe siku mbili kabla ya safari, gari lizungushwe mtaani kwenye kona na matuta, kiti cha nyuma kinyanyuliwe, na mtu anuse pale kwenye kifuniko cha pampu. Gasketi ni kipande cha mpira cha bei ndogo, na kifuniko hufungwa kwa skrubu chache.